Nyuma ya Lango la Sikitu

Alasiri ya mji ule haikuwa na mwisho wa kutegemea. Zipo siku iliondoka upesi: mtu anainama kufunga kamba za viatu, anainuka na kukuta ni kesho. Na zipo siku iligoma kabisa kuondoka, jua likakaa juu ya mapaa ya bati kama mgeni asiyejua kuaga, watu wakala chakula cha usiku, wakalala, wakaamka, na alasiri ikawa ni ile ile. Wenyeji walikwisha kuzoea. Kalenda walizitundika ukutani kwa ajili ya picha tu. Ukimwuliza mtu umri wake, alitazama viganja vyake kwanza, kisha akakuambia, "Nadhani mimi ni mtu mzima."

Nyamizi alikuwa mwigizaji katika mji huo. Kikundi chao kiliitwa Vumbi, na kilikuwa cha watu watatu. Shomvi alitunga na kuongoza. Tegemeo aliigiza wanaume wote, na Nyamizi aliigiza wanawake wote. Waliigizia ndani ya kiwanda kilichokufa, kiwanda cha kuchambua pamba, ambamo mashine zilikwisha kung'olewa lakini pamba yenyewe haikutoka. Nyuzi zake nyeupe zilikuwa bado zinashuka kutoka kwenye boriti, moja moja, polepole, na watazamaji walirudi makwao na nywele zilizozeeka kidogo. Taa hawakuwa nazo. Mwanga uliingia kupitia matundu ya paa, na Shomvi alimsogeza mwigizaji mahali mwanga ulipo, kwa kuwa mwanga wenyewe haukukubali kusogezwa.

Shomvi alikuwa na sharti moja tu: Vumbi haiigizi kilichokwisha kuigizwa. Kila mchezo ulikuwa wao, mpya, wa kichwani mwao. Waliwahi kuonyesha mchezo wa mtu aliyekwenda kwenye mazishi yake mwenyewe akaambiwa amechelewa. Waliwahi kuonyesha mchezo wa majirani wawili waliogombania kivuli cha ukuta mpaka ukuta ukahama. Watu walicheka, wakakung'uta pamba mabegani, wakaenda zao. Nyamizi aliipenda kazi hiyo. Kwake kuigiza kulikuwa ni kuhama nyumbani mwako kwa muda ili mtu mwingine apate pa kulala, na ukirudi unakuta kitanda kimetandikwa vizuri kuliko ulivyokiacha.

Kisha Shomvi akaja na Sikitu.

Ni jina la kawaida huko kwao. Mtoto hupewa na bibi yake, labda kwa kuwa alizaliwa mdogo mno, labda ili macho mabaya yasimwone: si kitu, mpiteni. Katika mchezo wa Shomvi, Sikitu ni mwanamke anayeamka siku moja, anakwenda mtoni kufua, na kukuta mto haupo. Kumebaki kokoto na samaki mmoja anayeshangaa. Sikitu anachukua beseni lake la nguo chafu na kwenda nalo moja kwa moja mpaka kwenye Jengo, kuuliza mto umepelekwa wapi. Bawabu anamfungulia lango. Sikitu anaingia. Lango linafungwa. Mchezo umekwisha.

Sasa, Jengo lilikuwepo kweli katika mji ule, katikati kabisa, na madirisha yake yalikuwa yamechorwa kwa rangi juu ya ukuta. Hakuna aliyejua nani anakaa ndani. Watu waliokwenda kuuliza jambo humo hawakuonekana tena, na waliobaki nje walijifunza kutowataja. Si kwamba kulikuwa na amri. Ulikuwa ni usingizi fulani wa ulimi. Mama alipakua sahani za watu wanne kwenye nyumba ya watu watatu, akaitazama ile ya nne, akairudisha kabatini bila neno, na wale watatu wakala wakitazama chakula. Mtu asiyetajwa yuko wapi? Nyamizi alijiuliza swali hilo zamani, alipokuwa msichana, akaliacha kwa kuwa lilimwumiza kichwa. Kufa angeelewa. Kaburi ni mahali, lina udongo, unaweza kulipalilia. Lakini mtu ambaye hakufa, hayupo, na hakuwahi kuwepo, huyo anakaa wapi?

Siku ya kwanza ya onyesho, kiwanda kilijaa. Tegemeo alisimama langoni na kofia ya bawabu. Lango lenyewe lilikuwa mlango wa chuma wa chumba cha mashine, wameuburura mpaka katikati ya jukwaa, na nyuma yake wakajenga kijichumba cha mbao na vitambaa vyeusi, pa kumsitiri Nyamizi akishaingia. Nyamizi alitokea na beseni kichwani. Alikuwa hajasema hata neno moja mwanamke mmoja mtu mzima aliposimama katikati ya watu.

"Hakufunga hivyo," alisema.

 Nyamizi akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye beseni.

"Kitambaa," yule mama akaendelea, kwa sauti ya mtu anayemrekebisha binti yake jikoni. "Fundo lilikaa upande wa kushoto. Sikio la kulia lilikuwa linamwuma."

Shomvi aliganda pembeni mwa jukwaa. Nyamizi, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, alilitua beseni, akafungua kitambaa, akakifunga upya, fundo kushoto. Yule mama akamtazama, akaitika kwa kichwa, akaketi. Kabla hajajiweka sawa kwenye benchi, mwanamume mmoja nyuma akasema, bila kusimama, "Na akicheka anaziba mdomo."

"Alikuwa anachechemea," akasema mwingine.

"Hakuchechemea. Alikuwa anatembea mbio mbio, huwezi kumfikia."

"Mweusi, mrefu."

"Mfupi. Ananifika hapa."

Hawakubishana. Kila mmoja alisema chake kama anayeweka kitu mezani, akanyamaza. Nyamizi alielewa kabla ya Shomvi. Watu hawa hawakumzungumzia Sikitu. Kila mmoja alikuwa na wa kwake, na kwa kuwa jina la wa kwake halitamkiki, alimpa Sikitu kile alichoweza kumpa: fundo la kitambaa, kicheko, mguu mbovu.

Onyesho lilipokwisha, wote watatu waliketi ukingoni mwa jukwaa.

"Mimi nimemtunga," Shomvi alisema. "Nimemtoa hapa." Akagusa paji la uso. "Hakuna mtu kama huyo."

"Basi watu wanamjuaje?" Nyamizi aliuliza.

"Ndicho kinachoniogopesha, dada yangu."

Tegemeo alikuwa ameivua kofia ya bawabu na kuiweka mbali naye kidogo. "Tuendelee," alisema. "Tangu nizaliwe sijasikia watu wa mji huu wakisema maneno mengi namna ile kwa pamoja."

Wakaendelea. Alasiri baada ya alasiri, au alasiri moja ndefu, Nyamizi alipanda jukwaani na watu wakamjaza. Akajifunza kuchechemea na kutembea mbio kwa wakati mmoja. Akajifunza kunung'unika wimbo usio na maneno ambao kaka wa mtu alikuwa akiunung'unika akinyoa ndevu. Sikitu akawa na ndevu za kufikirika, akawa na mimba ya miezi, akawa mzee wa kukohoa, akawa kijana wa kupenda embe mbichi na chumvi. Yule mama wa kwanza, aliyeitwa Bi Kidawa, hakukosa hata onyesho moja. Alikaa benchi la mbele, na kila fundo lilipofungwa kushoto aliitika kwa kichwa, kana kwamba hilo peke yake ndilo lililomtoa nyumbani.

Kitanda cha Nyamizi, hata hivyo, hakikutandikwa tena. Aliporudi nyumbani kwake mwenyewe, ndani ya nafsi yake, alikuta watu wamelala kila mahali. Siku moja jirani alimsalimu, "Hujambo, Sikitu," naye akaitika. Siku nyingine alitaka kucheka akaona mkono wake umekwisha kufika mdomoni. Akamwendea Tegemeo, aliyemjua tangu utotoni.

"Nilikuwa nacheka vipi?" alimwuliza.

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya mchezo huu. Nionyeshe."

Tegemeo alifikiri. Akafungua kinywa ili amwonyeshe, na mkono wake mwenyewe ukapanda ukaziba mdomo. Wakatazamana. Tangu siku hiyo hawakulizungumza tena.

*

Bwana Mkaguzi alifika kutoka kwenye Jengo wakati wa mazoezi. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mwavuli uliofunguka ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka. Aliufunga alipoingia, akaomba radhi kwa usumbufu, akakubali kikombe cha chai ya rangi, akakisifu. Tegemeo alimwachia kiti. Bwana Mkaguzi alikaa, akatazama nyuzi za pamba zikishuka, akatabasamu.

"Nimeuona mchezo wenu," alisema. "Zaidi ya mara moja. Nilikaa nyuma. Hongereni sana. Binti, wewe hasa."

"Ahsante," Nyamizi alisema.

"Watu hudhani kazi yetu ni kufunga. Wakimwona mtu wetu, wanajua kuna kitu kinafungwa. Hilo hutuumiza, kusema kweli." Alipuliza chai. "Mimi sikuja kufunga. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Atoke."

"Nani atoke?" Shomvi aliuliza.

"Sikitu. Aingie langoni kama anavyoingia siku zote, hapo msibadilishe kitu, ni pazuri sana hapo. Halafu tumwone anatoka. Mzima. Akitabasamu kidogo, kama inawezekana, si lazima sana."

Tegemeo alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Na huko ndani alikuwa anafanya nini?"

"Hilo halihitaji kuonyeshwa."

"Na mto?"

"Mto ni habari ndefu," Bwana Mkaguzi alisema kwa upole. "Tuzungumzie mtu tu. Watu wenu hawa wamechoka. Wanakuja hapa wanaona lango linafungwa, wanarudi nyumbani na lango lililofungwa. Ni ukatili, ukilifikiria. Wapeni atoke. Mji mzima utamwona ametoka. Na mtu akishaonekana na mji mzima kuwa ametoka, basi ametoka, haulizwi tena." Akaweka kikombe chini, akamshukuru Nyamizi kana kwamba yeye ndiye aliyepika chai, akafungua mwavuli mlangoni na kwenda zake chini ya jua.

Wakamtazama mpaka akapotea. Kisha Tegemeo akasema, "Hapana."

"Unadhani aliuliza?" Shomvi alimjibu. Alikuwa ameinamia magoti yake, na Nyamizi aliona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake zilikuwa nyeupe kweli na si kwa pamba. "Mimi ndiye niliyemwingiza yule mwanamke. Siwezi kumtoa? Kwani Sikitu ni nani? Jina lake mwenyewe linakwambia."

"Watu wale wanamsubiri mtu wa kwao, Shomvi. Akitoka Sikitu, wa kwao ndio wamekwisha."

"Na asipotoka, sisi tunaingia. Sote watatu. Kwa lango la kweli. Hapo utaigizia wapi?"

Nyamizi aliwaacha wakibishana. Alikwenda nyumbani kwa Bi Kidawa, kwa kuwa aliona ni haki yake kuambiwa kwanza. Ilikuwa nyumba ya chumba na ukumbi, imefagiwa mpaka udongo unang'aa. Bi Kidawa alimkaribisha mkekani, akamsikiliza mpaka mwisho. Nyamizi alitegemea hasira. Hakuipata.

"Mtoeni," Bi Kidawa alisema.

"Mama?"

"Nasema mtoeni. Usinidhanie nimerukwa na akili, mwanangu. Ninajua wewe si yeye. Ninakujua, mama yako alikuwa akiuza vitumbua pale kona, ulikuwa ukinyonya kidole mpaka ukaanza shule. Ninajua hilo lango ni la kiwandani. Ninajua yule mwenye mwavuli anataka nini. Mimi nataka kuona mlango ukifunguka na mtu mwenye fundo la kushoto akitoka. Mara moja. Nife nimeona."

"Watu wakishaona hivyo, watasema alirudi. Hutaweza kumwuliza mtu tena."

"Kwani sasa hivi namwuliza nani?"

 Nyamizi alitazama mikono ya mama yule, ambayo ilikuwa imekunja kipande cha kitambaa na kukikunjua, ikakunja tena. Akaona jambo lililomtisha kuliko Jengo: kwamba uongo ambao mwenye nguvu aliuhitaji na faraja ambayo mnyonge aliiomba vilikuwa kitu kimoja, vina sura moja, na vitapita mlango mmoja. Angewezaje kumnyima mmoja bila kumnyima mwingine?

"Nitatoka, mama," alisema.

Bi Kidawa alimshika mkono akaubusu, jambo ambalo mtu wa umri wake hakupaswa kulifanya, na Nyamizi akaona haya mpaka akashindwa kuaga vizuri.

*

Siku hiyo watu walikaa mpaka kwenye madirisha. Habari zilikwisha kuenea kwamba Sikitu atatoka. Nani alizieneza haikujulikana. Wengine walivaa nguo za sikukuu. Wengine walileta watoto. Bwana Mkaguzi aliketi benchi la mbele, nafasi moja kutoka kwa Bi Kidawa, mwavuli umelala mapajani mwake, na nyuma, kando ya mlango mkubwa, walisimama wanaume wenye mashati ya kijivu ambao walikuwa wamekuja kutazama watazamaji.

Nyamizi aliigiza vizuri kuliko siku zote. Alikwenda mtoni, hakuukuta, akamhurumia samaki. Alifunga fundo kushoto. Alichechemea, alinung'unika wimbo wa kunyolea ndevu, alikohoa, alicheka akaziba mdomo, na kila alipofanya moja ya hayo, mahali fulani gizani mtu alivuta pumzi. Alisimama mbele ya bawabu. "Nimekuja kuuliza," alisema. Tegemeo akamtazama kwa namna ambayo haikuwamo katika mchezo, akamfungulia. Akaingia. Chuma kikafunga nyuma yake.

Kijichumba kilikuwa cheusi na chembamba. Kulinuka mafuta ya mashine na pamba iliyolowa zamani. Mpango ulikuwa rahisi: Shomvi atapiga ngoma ya kurudi, Tegemeo atalifungua lango na kusema maneno yake, naye atatoka. Ngoma ikaanza. Lango likafunguka, mwanga ukaingia kwa upana wa mkono.

"Toka, Sikitu," Tegemeo alisema nje. "Njia iko wazi."

Nyamizi aliinua mguu.

Toka. Ni hatua tu. Umeahidi. Mama wa watu amekubusu mkono.

Lakini ninatoka nikiwa nani. Ninachechemea au sichechemei. Nikitoka mrefu, mfupi amebaki ndani. Nikitoka na mimba, mzee wa kukohoa anamwachia nani kikohozi chake. Lango ni moja, sisi ni wengi humu, hatupiti.

Toka.

Waangalie kwanza. Kidogo tu, kwa upenyo huu.

Akawaangalia. Aliona nyuso zilizoinuliwa, na tayari zilikuwa zimeanza kulegea. Aliona baba mmoja ameshamfunga mtoto mgongoni mwa mama yake, tayari kwa njia ya nyumbani. Aliona wanawake wakitafuta viatu vyao kwa vidole vya miguu, macho bado yako kwake. Walikuwa na furaha, furaha ya kweli, na chini ya furaha hiyo aliona kitu kikifunguliwa mikononi mwao, kama mtu aliyeshika kamba nzito kwa muda mrefu na sasa anaambiwa aiachie. Bwana Mkaguzi alikuwa ameweka viganja vyake karibu karibu, tayari kupiga makofi.

Na Nyamizi akalipata jibu la swali lake la usichana, bila kulitafuta, na halikumfurahisha. Mtu asiyetajwa anakaa pale. Anakaa katika ile kamba. Hana kaburi, hana kitanda, hana jina kwenye ulimi wa mtu. Ana subira ya wanaomsubiri, na humo ndimo anamokula na kulala. Siku wanapoacha kusubiri, si kwamba wamepona. Yeye ndiye amebomolewa nyumba. Akitoka sasa, akatabasamu kidogo, watu hawa watakung'uta pamba mabegani na kwenda zao, na mji utalala usingizi mzuri, na usiku huo huo, wote walio ndani ya Jengo, kama wapo, watakufa kwa mara ya kwanza.

Mguu aliouinua, akaurudisha chini. Akaketi sakafuni.

"Toka, Sikitu," Tegemeo alisema tena. "Njia iko wazi."

Ngoma iliendelea. Iliendelea kupita pale ilipopaswa kukoma, ikazunguka, ikaanza upya, ikaanza kusikika kama ngoma inayoomba. Nyamizi alifunga macho. Akasikia benchi likilia, watu wakijisogeza, mtoto akiuliza yuko wapi na kunyamazishwa. Tegemeo hakusema tena. Alibaki amesimama kando ya lango lililo wazi, ameivua kofia ya bawabu na kuishika kifuani. Kisha ngoma ikakatika, na Nyamizi akajua kwamba ni Shomvi mwenyewe aliyeweka mikono yake juu ya ngozi kuinyamazisha.

Hapo ukaanza ukimya. Hakuna aliyeondoka. Alasiri, iliyokuwa ikizoea kukimbia au kugoma itakavyo, ilisimama kama na yenyewe inatazama. Nyuzi za pamba zilishuka na kutua juu ya nguo za sikukuu.

"Mwanahamisi."

Ilikuwa sauti ya Bi Kidawa. Kwanza ilitoka kama kitu kilichokwama kooni, kisha ikasafika.

"Mwanahamisi. Mwanangu. Toka basi."

Nyamizi aliuma kidole chake mwenyewe ili asiitike.

"Mwanahamisi!"

Na mtu mwingine, mbali, mwanamume, akasema, "Ngwali." Alilisema bila nguvu, kama anayejaribu kuona jina bado linafanya kazi. Halafu, kwa nguvu zaidi, "Ngwali wangu." Mwanamke mmoja akaita jina la mume wake na hapo hapo akaziba mdomo, kwa woga, kisha akautoa mkono akaliita tena. Majina yalikuja moja moja, yakaja mawili mawili, yakagongana hewani. Wapo waliokaa wameinama na hawakusema kitu. Yupo mzee aliyeinuka akatoka nje akilia, kwa kuwa aligundua kwamba jina la mdogo wake hakulikumbuka tena.

Bwana Mkaguzi alitenganisha viganja vyake. Alisimama, akafungua mwavuli humo humo ndani, akaenda mpaka kwa Shomvi na kumwambia kwa upole ule ule, "Onyesho limekwisha. Milango ifungwe." Wenye mashati ya kijivu wakaanza kuwatoa watu. Hawakupiga mtu. Waliwashika viwiko tu, kama wanaowasaidia wagonjwa, na watu wakatoka huku bado wanaita, wakitembea kinyumenyume ili wasiache kulitazama lango. Shomvi na Tegemeo walitolewa pamoja nao. Nyamizi alimsikia Tegemeo akiuliza kama anaweza kuchukua koti lake, na akajibiwa kwamba huko aendako hakuna baridi.

Kiwanda kikawa kimya. Nyamizi alikaa gizani akisubiri viatu vya wanaume. Alizozisikia ni ndara, zikiburuzwa polepole juu ya mbao za jukwaa. Lango likasukumwa likafunguka lote. Bi Kidawa alisimama hapo; katika msukumano wa kutolewa watu, hakuna aliyemwona amebaki.

"Ulinisikia nikiita?" aliuliza.

"Nilikusikia, mama."

"Ukakaa."

"Nikakaa."

Bi Kidawa alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa na msamaha, wala Nyamizi hakuuomba. Alijua amemnyima mwanamke huyu kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani angeweza kumpa, na kwamba sababu zake, hata zikiwa za kweli, hazikuwa na uzito wowote mbele ya macho yale.

"Ningefurahi," Bi Kidawa alisema. "Hata kama ni kwa alasiri moja."

"Najua."

"Hujui. Utajua ukizaa." Kisha akasema, "Sogea huko."

Nyamizi akasogea. Bi Kidawa aliingia akiinamisha kichwa, akavua ndara zake, akaketi kando yake, magoti yao yakagusana kwa ufinyu wa mahali. Akapapasa ukuta wa mbao, akapapasa kitambaa cheusi, akanusa, taratibu, kama mzazi aliyekuja kukagua chumba alikoolewa binti yake.

"Kumbe ni hivi," alisema.

"Hii ni mbao na vitambaa tu, mama. Kule kwenyewe sijui kukoje."

"Hata mimi sijui. Nyamaza kidogo."

 Bi Kidawa alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda mlima na kufika mahali asipopakusudia. Nje, minyororo iliburuzwa, ikapitishwa kwenye vishikio vya mlango mkubwa. Mmoja wa wanaume wa kijivu alirudi ndani kuhakikisha. Viatu vyake vilizunguka benchi, vikapanda jukwaani, vikasimama hatua chache kutoka kwenye lango.

"Kuna mtu humu?" aliuliza.

Nyamizi alishika pumzi. Wakinyamaza, yule mtu angefunga na kwenda, na wao wangekuwa si kitu, salama salimini. Aligeuka gizani amzuie mama yule kwa mkono, lakini Bi Kidawa alikuwa ameshajiweka sawa, ameshavuta ushungi wake kichwani, na akaitika kwa sauti ya mwenye nyumba aliyesikia hodi:

"Tumo."